Mashini Isiyozimwa

Tarehe 8, mwezi wa tisa

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mashini yangu, kompyuta ya mapajani, imeanguka. Sisemi kwamba mambo haya mawili yanajuana. Mvua imenyesha kwa sababu ni mwezi wa tisa, na mashini imeanguka kwa sababu nililala nayo kitandani. Adolphine, mke wangu, anaiita mbanda wake, mke mwenza, na hakosei: usiku inalala katikati yetu, na mimi ndiye ninayeiwekea mto. Alfajiri imeteleza ikapiga simenti. Nimekurupuka, nikagonga ukuta. Nilipoifungua, ikawaka bila neno. Mimi ndiye niliyebaki na nundu.

“Iko na nguvu kukushinda,” Adolphine akaniambia, akifunga vifungo vya blouse yake ya uuguzi. “Kama ni weye ulianguka vile, sasa tuko tunaita padri.”

Ndani ya mashini hiyo kuna thèse yangu, tasnifu kama wanavyosema wenye Kiswahili cha vitabu: historia ya masoko ya Mumosho, Miti na Kavumu. Niliianza nikiwa na nywele. Leo katibu wa masomo wa chuo chetu ametuita sisi wote ambao thèse zetu zimezeeka, akasema: asiyeweka kazi yake mezani kwangu kufika tarehe 10 ya mwezi wa kumi na mbili, ajitafutie kazi nyingine. Tulikuwa wengi chumbani, lakini sijui kwa nini aliniangalia mimi.

Imebaki conclusion peke yake. Imebaki conclusion peke yake tangu miaka minne.

Tarehe 15

Mvua. Nimebadilisha aya moja ya conclusion, ile sura ya hitimisho. Jioni nimeirudisha ilivyokuwa.

Tarehe 20, siku ya posho, Jumamosi

Nyumba yetu iko chini kabisa ya mtelemko, na ngazi za kuifikia zilichongwa kwenye udongo na watu ambao hawakupenda wageni. Leo zilikuwa sabuni tupu. Nimeanguka kwa mgongo, mikono juu, mfuko wa mashini juu ya mikono, na hivyo hivyo nikateleza mpaka chini kama padri anayeinua hostia.

“Professeur! Unabariki nani?” mama mmoja muuza makala, yaani mkaa, akaniuliza, na wenzake wakacheka mpaka wakashikana.

Suruali imepasuka. Mashini imevunjika bawaba moja ya kifuniko. Sasa kioo kinasimama kikiegemezwa na kamusi. Lakini imewaka. Nimeanza kuamini kwamba kitu hiki kitanizika.

Tarehe 28, siku ya Mungu

Mvua imebomoa ukuta wa nyumba ya Mama Mukwe kule Mumosho. Adolphine amekwenda kumchukua mara baada ya misa. Bruno, kaka wa Adolphine, atajenga ukuta upya mvua ikimpa nafasi. Mpaka hapo mama atakaa kwetu. Goti lake ni bovu. Kumshusha kwenye ngazi zetu kumehitaji vijana wawili, kiti, na rozari nzima. Kumpandisha tena, alisema kijana mmoja akihema, ni hesabu ya siku nyingine.

Niandike hapa, kwa atakayesoma na ambaye si Mushi, mtu wa kabila letu, kwamba kwetu mkwe ni mtu wa heshima mpaka heshima inauma. Sili mbele yake, naye hali mbele yangu. Siongei naye uso kwa uso. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu. Akiingia nasimama. Nguo yangu isiguse nguo yake. Na yeye kabla ya kuingia mahali nilipo anakohoa mlangoni, ili kama nimekaa vibaya, nijipange.

Ni desturi nzuri sana kwa watu wenye nyumba mbili.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Chumba tulichompa kinavuja, kwa hiyo mchana kutwa anakaa salon, sebuleni. Mimi pia nafanya kazi salon. Meza ni moja na soketi ni moja. Saa sita Adolphine anatuachia sahani mbili zilizofunikwa na kwenda kazini. Mama anaangalia sahani yake. Mimi naangalia yangu. Hakuna anayeanza, hakuna anayetoka, kwa sababu nje mvua inapiga na yeye hawezi kutembea mbali. Sambaza, vidagaa vya ziwani, zimepoa zikitutazama.

Saa tisa nimepeleka sahani yangu jikoni, nikala nimesimama nyuma ya mlango kama mwizi. Niliporudi, sahani yake pia ilikuwa tupu na imefunikwa vizuri.

Tarehe 9

Niandike yote.

Baada ya saa nane nilikuwa peke yangu salon. Mama Mukwe alikuwa chumbani amelala, ndivyo nilivyodhani. Suruali zangu mbili zilikuwa zimelowa, kwa hiyo nilijifunga kikwembe cha Adolphine kiunoni, chenye picha za samaki. Miguu juu ya kistuli, mashini mapajani, kikombe kikubwa cha buyi, uji wa mtama wenye sukari na maziwa, kwenye mkono wa kiti. Nilikuwa nimepata sentensi ya kwanza ya conclusion. Ya kweli, safari hii.

Mlango ukafunguka na Mama Mukwe akaingia. Bila kukohoa.

Nilisimama. Mwili ulisimama wenyewe, kama wa askari. Nikasikia mashini ikiondoka mapajani na kikwembe kikiondoka kiunoni, vyote kwa pamoja. Mikono ninayo miwili, lakini ilikwenda mahali pamoja: nilishika kikwembe.

Mashini ilianguka kwa pembe. Kikombe kikafuata, kikajimwaga chote juu ya herufi.

Mama Mukwe alikuwa amekwisha geuka, uso ukutani.

“Yesu Maria,” akauambia ukuta. “Miye sikukohoa. Ukuta, miye sikukohoa, nilizani hakuna mutu.”

Ninajua sasa nilichopaswa kufanya: kuizima palepale, kuchomoa waya, kuigeuza kichwa chini, kuacha. Badala yake nilifanya mambo ya mtu anayependa. Niliifuta kwa kikwembe, huku nimekishika kwa mkono mwingine. Nikabonyeza hapa na pale nihifadhi ile sentensi. Chini ya buyi kioo kiliendelea kuwaka, chekundu kidogo kama jicho la mlevi. Kisha ikatoa harufu ya sukari inayoungua, ikafa.

Nakala? Flash ilibaki ofisini kwa promoteur wangu, msimamizi wa thèse, profesa Pascal. Yeye yuko Kinshasa tangu vita vya mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Kavumu umefungwa, na ofisi yake sitaki hata kuuliza nani anaitumia. Nakala niliyomtumia kwa internet ni ya miaka mitano iliyopita, kabla sijapindua sura zote. Wamama wa masoko niliowahoji, nusu yao ni marehemu.

Kwa hiyo thèse iko humo ndani, na pengine hakuna mahali pengine.

Tarehe 10

Nina diploma nne. Niandike hivyo kwanza, ili yanayofuata yapate ladha.

Mji huu wote, majira haya, unakausha nguo kwa namna moja: mbabula, jiko la makala, katikati ya nyumba, kitunga kikubwa kimefunikwa juu yake, uniforme za watoto juu ya kitunga. Asubuhi uniforme ni kavu. Nikajiambia: kilichokausha mashati ya ukoo mzima kitashindwa na kitu kisicho na hata mikono?

Nikaigeuza kifudifudi juu ya kitunga, nikaenda kunyoa ndevu.

Adolphine amerudi zamu akasimama mlangoni akinusa. “Papa Elodie,” akaniita kwa jina la mtoto wetu, “uko unachoma nini?”

“Ninakausha thèse.”

Alikimbia yeye, si mimi. Herufi A, S na D zilikuwa zimeungana kama ndugu wa tumbo moja. Adolphine hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Ameketi kitandani, akaishika mapajani, ile mbanda yake, akawa anaipangusa na pamba na alkoli kama kidonda cha mtoto.

“Minaitukana kila siku,” akasema. “Lakini sikuiombea hivi.”

Tarehe 13

Charlène ameshuka kwetu leo na mfuko wa vyuma vyake. Ni binti wa jirani, ana duka la kutengeneza simu na mashini huko juu barabarani. Ameifungua kwenye meza ya salon. Mama Mukwe katika kona yake ameigeuzia mgongo, kwa heshima, kama vile tunamvua mtu nguo.

“Tonton Télesphore, niambie yote. Usifiche, hata daktari hawamufichake.”

Nikamwambia: kitanda, ngazi, buyi.

“Kuanguka, hii inaweza vumilia. Maji, mara ingine inaweza vumilia. Buyi ya sukari na maziwa, eh, ile inakaa ndani na kula chuma polepole, kila siku inakula. Lakini hapa minaona plastiki imeyeyuka. Kuko kitu ingine?”

Nilitazama dari. Adolphine akanisaliti: “Aliiweka kwa mbabula.”

Charlène aliweka bisibisi chini, akatoka nje kwenye mvua kidogo, akarudi amekwisha cheka.

Habari mbaya: katika mashini za namna hii, mahali pa kuhifadhia maandishi si kidude unachochomoa ukapeleka kwingine. Kimechomewa kwenye ubao mkuu. Ubao ukifa, na chenyewe kimekufa. Ameuchukua ubao akauoshe.

Tarehe 16

Hakuna habari. Ngazi mbili zimeondoka na maji.

Tarehe 20

Imeamka!

Imeamka namna ya mgonjwa anayefungua jicho moja ili aombe maji. Charlène ameiwasha kwa kugusisha ncha ya bisibisi mahali fulani, na amesema hajui kama mahali hapo patakubali mara ya pili. Betri imekufa. Waya wa moto unashika tu ukiwa umeinama upande, na kuinama huko kunalindwa na jiwe na kamba ya kiatu. Pa kuchomeka flash pamekufa. Internet imekufa. Kioo kimepasuka: robo ya juu inaonyesha, chini ni giza. Kwa kidude cha kugusa alifaulu kufungua thèse ukurasa wa kwanza, kisha kidude nacho kikafa. Katika herufi zote umebaki hai mshale mmoja, wa kushuka. Wa kupanda umekufa.

“Basi sikiliza,” akasema Charlène. “Usiizime. Usiisogeze. Mutu asigonge meza. Ikipata joto kioo itafunga macho, ungojee ipoe. Na usibonyeze mbio, sababu huwezi rudi nyuma. Soma, andika kwa mukono, shuka. Madaftari uniletee, nitayachapa.”

“Na picha za simu?”

Tulijaribu. Zilitoka na mistari kama punda milia.

“Itaishi muda gani?”

“Tonton, miye si Mungu wa buyi.”

Tumekopa betri ya gari na convertisseur ya kugeuza umeme wake, maana courant, umeme wa mji, inakuja kama mgeni asiyependa chakula chetu. Betri iko chini ya meza. Mimi niko kwenye meza. Mama Mukwe yuko kwenye kona. Mvua iko juu yetu sote.

Tarehe 21

Kurasa sita.

Tarehe 24

Kurasa nne. Kioo kimefunga macho mara nyingi. Tukingoja kipoe, Mama Mukwe anasali rozari na mimi naangalia waya.

Tarehe 30

Jambo dogo, lakini kwa mtu aliyefungwa hakuna jambo dogo. Je, mkwe anaendaje chooni? Siwezi kuacha mashini peke yake. Juzi paka aliruka karibu na jiwe. Siwezi kumwambia mama mkwe “nakwenda mahali”. Maneno hayo hayajawahi kutamkwa na mkwe tangu dunia iumbwe. Nilivumilia siku mbili nikimngoja Adolphine arudi kutoka kazini. Jana nikashindwa. Nikasimama, nikakohoa.

Mama Mukwe, bila kunitazama, akavuta kiti chake mpaka mezani, akaweka mkono mmoja karibu na jiwe, akaanza kuimba wimbo wa Bikira Maria kwa sauti kubwa. Kwa maana nyingine: nenda, hakuna anayesikia kitu.

Leo imekuwa sheria. Yeye pia anapokohoa, mimi natoka nje kusimama chini ya ukingo wa bati, Adolphine akiwepo amsaidie. Nimewahi kufundisha historia ya mikataba ya amani. Hakuna iliyoheshimiwa hivi.

Tarehe 5, mwezi wa kumi na moja

Courant siku tatu haipo. Charlène amebeba betri ya pili kutoka dukani kwake, mgongoni, kwenye ngazi zile.

Tarehe 6

Sura ya pili imekwisha. Imenichosha kama ilivyowachosha wanafunzi wangu.

Tarehe 12

Tumegombana, na Adolphine ana haki, lakini sijamwambia.

Bruno amepiga simu kwamba ukuta wa Mumosho umesimama tangu juma lililopita na mabati yamerudishwa. Nilifurahi. Nilianza hata kuona salon yangu: kistuli, miguu juu, sahani mezani. Nikamnong’oneza Adolphine jikoni: “Basi mama anaweza kurudi. Kesho niite vijana wa kiti?”

Akaweka mwiko chini.

“Papa Elodie, unazani mama anakaa pale sababu anapenda sura yako?”

“Sikusema hivyo.”

“Unasema. Kila siku unaingia hapa kukula umesimama, unapumua kama ng’ombe, unasema salon yangu, salon yangu. Mama alishakataa kurudi mara mbili. Bruno alikuja na gari mpaka juu, akakataa.”

“Kwa nini?”

“Anasema ni kama alimugonga mutu na gari, hawezi kimbia. Anasema mugonjwa ni wake. Hakukohoa, na kazi ya mukwe wake ikaanguka. Atatoka siku mugonjwa atapona ao atakufa. Usiku halale, Papa Elodie. Anaamuka kutazama kama ile taa ya kijani ya mashini ingali inawaka.”

Nikasema la kijinga: “Lakini nimesimama mimi. Ningebaki nimekaa, mashini isingeanguka.”

“Na weye ungebaki umekaa mbele ya mama yangu?”

“Hapana.”

“Basi. Mwende mukae, wafungwa wawili. Miye nimechoka kupita katikati yenu kama askari wa gereza.” Akalia kidogo, akafuta, akachukua mwiko.

Majuma yote haya nimemwona mama yule kama mzigo uliowekwa katika kona yangu. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa anamlinda mwenziwe na aibu, na meza ikiwa katikati.

Tarehe 13

Asubuhi nimemwambia paka, kwa sauti ya kutosha, kwamba kosa la mashini ni la buyi peke yake. Saa sita kona ya Mama Mukwe ilikula nikiwa ningali mlangoni.

Tarehe 20

Mumosho, sura ya tano. Ninaponakili ninanong’ona kwa Kifaransa, ni tabia ya zamani. Mama Mukwe hajui Kifaransa. Lakini kila nikisema “Mumosho” rozari yake inasimama, kisha inaendelea.

Tarehe 27

Profesa Pascal ametuma sauti kutoka Kinshasa: “Télesphore, yote mengine nimeisha ona. Thèse yako ni conclusion. Bila ile, ni mfuko wa maharagi.” Asante, profesa.

Taa ya kijani imeanza kupepesa.

Tarehe 1, mwezi wa kumi na mbili

Charlène ameinama kuisikiliza kwa sikio. “Shuka mbio kidogo,” akasema. Mwanzoni aliniambia nisiende mbio.

Tarehe 3

Imebaki conclusion peke yake. Sijacheka.

Tarehe 10

Asubuhi hii nimeweka nakala za thèse mezani kwa katibu wa masomo. Alifungua nyuma kabisa, kama wanavyofanya watu wanaojua, akaona conclusion ni kurasa tatu. “Ni fupi,” akasema. Nikamwambia ile ndefu imekufa. Akagonga muhuri. Jury ya kunihoji itakaa baada ya Noeli, profesa Pascal kwa simu.

Tangu tarehe 5 sijaandika humu, kwa sababu nilikuwa naandika kule, conclusion mpya. Sasa nina pumzi. Nieleze jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa tarehe 5, mchana. Adolphine alikuwa kazini. Mbingu iligeuka rangi ya sufuria, na upepo ukapanda kutoka ziwani kama mtu aliyeitwa. Nilikuwa ukurasa wa tatu wa conclusion, kati ya kurasa tisa. Mvua ya mawe ilianza kwenye bati, sikujisikia tena nikinong’ona. Kisha bati moja juu ya meza likainuka, likapiga, likainuka tena, na maji yakaanza kushuka. Si tone tone. Kama mtu anamwaga beseni.

Siwezi kuisogeza. Nililala juu ya mashini kwa kifua, kama kuku. Maji yakanipiga mgongoni yakitafuta njia ya kupita ubavuni. Kule pembeni kulikuwa na shitingi, ile plastiki ya bluu tunayofunikia makala. Mkono haufiki. Nikiondoka, maji yanaingia.

Nikasikia kiti kikikwaruza. Mama Mukwe alisimama na goti lake, akavuta shitingi, akaja nayo hatua kwa hatua huku ameshika ukuta. Hakukohoa. Akatupa upande mmoja juu yangu na juu ya mashini, na upande mwingine, kwa kuwa hakukuwa na mtu wala kitu cha kuushika, akajitupia yeye. Akainua mikono, akawa nguzo.

Basi tukawa hapo. Mkwe na mama mkwe, chini ya shitingi moja, kichwa karibu na kichwa, bega langu kwenye mkono wake. Wazee wetu wote waliolala Mumosho lazima waligeuka upande wa pili kwa aibu. Ndani kulikuwa bluu, na harufu ya makala, na ile robo ya kioo ikitung’aria usoni.

Nikaandika. Nilibonyeza, nikanakili, nikabonyeza. Mikono yake ilitetemeka juu yangu lakini haikushuka. Ukurasa wa nne. Katikati ya ukurasa kioo kikapepesa, kikawa cheupe chote, kuanzia juu mpaka chini, kizima kabisa kama siku niliyokinunua. Kwa pumzi moja nikadhani imepona.

Kisha giza. Nilishika waya, nikainamisha jiwe, nikapuliza. Taa ya kijani haikuwepo.

Sikusogea. Mvua ilikuwa inapiga plastiki vichwani mwetu na sikuwa na sababu ya kubaki chini yake, wala ya kutoka. Kurasa tano na nusu zilikuwa zimekwenda, na katibu ananingoja tarehe 10.

“Ile ingine ilikuwa inasema nini?”

Nilidhani anaongea na ukuta. Lakini chini ya shitingi hakukuwa na ukuta.

“Mama?”

“Ile yenye imebakia. Ilikuwa inasema nini?”

Nikafungua mdomo kusema kwa Kifaransa, nikaufunga. Nikatafuta maneno. Miaka minne nimeyageuza yale maneno, na sasa nilikuwa sikumbuki hata moja kati ya yale mazuri.

“Ilikuwa inasema,” nikaanza, “kwamba watu wanafikiri soko ni mahali. Uwanja, miti, mawe ya kukalia. Kwa hiyo kila aliyekuja na bunduki, ao na kodi, ao na kufunga barabara, alifunga ule uwanja, akasema: soko limekufa.”

“Na kisha?”

“Na kisha halikufa. Wamama waliamka siku ile ile ya juma, wakapita njia ingine, wakakaa penye mulima, ao nyuma ya kanisa, ao kando ya Ruzizi. Na wanunuzi walifika. Hakuna aliyewatangazia.”

“Na kisha?”

“Na kisha… soko si mahali, mama. Soko ni siku, na watu wenye wanakumbuka siku. Ukifunga mahali, haujafunga kitu.”

Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye viwiko.

“Na kisha?”

“Ni ile tu.”

“Ni ile tu?”

“Ni ile tu, mama.”

Akafikiri. “Ni ya kweli,” akasema. Kisha nikasikia mikono yake ikianza kutikisika namna ingine, na shitingi ikatikisika nayo. “Lakini, mukwe wangu… miaka yote ile? Na mutoto wangu analala na waya kwa kitanda? Ni ile tu?”

Nilijaribu kuvumilia, mkwe hacheki mbele ya mama mkwe. Nilicheka mpaka paji la uso likagonga mashini, na hapakuwa tena na sababu ya kuogopa kuigonga. Yeye alicheka bila sauti, machozi yakimtoka, akisema “Yesu Maria, nisamehe, kurasa tisa!”

Ndivyo Adolphine alivyotukuta. Alisimama mlangoni amelowa kutoka kichwa mpaka viatu, akamwona mama yake na mume wake wamefunikwa plastiki moja. Akatazama meza, pale taa inapokaa.

“Inakufa?” akauliza, kwa sauti ndogo.

Mama Mukwe alishusha mikono polepole, akajifuta uso kwa ncha ya kikwembe, akakaa wima kama mjane.

“Ilishakufa,” akamjibu. “Lakini ilisema yote.”